Hewa ya Goma na majira yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Goma na vitongoji vyake, hasa wazazi ambao watoto wao huanza kukohoa kila kiangazi kinapoingia, wagonjwa wa pumu, na wale wanaotafuta kiwanja upande wa magharibi wa mji. Aliye na haraka aanze na swali la pili, kwa maana sehemu kubwa ya yanayofuata imejengwa juu yake.

Goma ina majira gani, na kwa nini tunasema hewa hubadilika nayo?

Mji uko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, kwenye urefu wa takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo joto la mchana halitofautiani sana kati ya Januari na Julai. Kinachotofautiana ni mvua. Tuna majira mawili ya mvua, yale ya Septemba hadi Desemba na yale ya Machi hadi Mei, na katikati yake viangazi viwili: kile kirefu cha Juni hadi Agosti na kile kifupi cha Januari na Februari, ambacho miaka mingine hupita bila mtu kukitambua. Mvua huosha hewa, hulainisha barabara na huwafukuza wapishi kutoka uani na kuwaingiza ndani. Ikikatika, vumbi hupanda, mashamba huchomwa, na usiku usio na mawingu hupoa haraka. Kila moja kati ya mambo haya lina athari yake kwenye pua na mapafu, na si zote zinaelekea upande mmoja.

Kwa nini moshi huganda juu ya mitaa asubuhi na jioni, na mchana hauonekani?

Hili ndilo swali lenye manufaa kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba katika mji wetu saa ya siku mara nyingi ina uzito kuliko mwezi wa kalenda.

Mchana jua hupasha ardhi, hasa ardhi yetu nyeusi ya lava ambayo hunywa joto kama sufuria. Hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, huwa nyepesi, hupanda, na hupanda na moshi wake. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoteza joto kwa kulitoa angani, na hewa inayoigusa hupoa kabla ya ile iliyo juu yake. Basi hewa baridi na nzito hulala chini, hewa ya vuguvugu huifunika kama kifuniko cha chungu, na moshi wote wa jioni hauna pa kutokea. Wataalamu wa hali ya hewa huita hali hii mpinduko wa joto, kwa kuwa kawaida hewa hupoa kadiri unavyopanda, na hapa ni kinyume. Usiku wa mawingu kifuniko hicho huwa dhaifu, kwa sababu mawingu hurudisha chini sehemu ya joto. Usiku mweupe wa Julai, wenye nyota nyingi na baridi inayokulazimisha kutafuta blanketi la pili, kifuniko huwa kigumu.

Ziwa Kivu nalo lina mchango wake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani kuja mjini. Usiku nchi kavu hupoa, na hewa baridi huteremka kutoka kwenye miteremko ya volkano ya Nyiragongo, hupita juu ya Munigi, Majengo na Birere, huchukua moshi wa makala njiani, kisha huelekea ziwani. Upepo ukigeuka asubuhi, sehemu ya moshi huo huweza kurudi pale ulipotoka. Kati ya upepo wa usiku na ule wa mchana kuna muda wa utulivu, ambapo hakuna kinachosogea, na muda huo huangukia hasa saa ambayo mbabula, yaani majiko ya makala, zinawashwa kwa ajili ya chai na pikipiki zinaanza kupasha injini.

Nilipopanga chumba Ndosho miaka iliyopita, nilikuwa na desturi ya kufungua dirisha alfajiri ili nipate hewa safi ya asubuhi, kama nilivyofundishwa nyumbani. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba nilikuwa nakaribisha ndani hewa mbaya kuliko zote za siku nzima.

Vumbi jeusi la kiangazi linatoka wapi, na je, ni baya kuliko vumbi la kwingine?

Linatoka chini ya miguu yetu. Mji umejengwa juu ya lava, na lava ya Januari 17, 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Barabara nyingi zisizo na lami ni jiwe hilohilo lililosagwa na magurudumu, mwaka baada ya mwaka. Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, iliyobeba magunia ya viazi ikiteremka, au lori likipita kwenda Sake, jiwe husagika zaidi kidogo, na lisiponyeshewa kwa wiki 3 huwa unga.

Sehemu kubwa ya unga huo ni chembe kubwa zinazokwama puani na kooni. Zinaudhi na zinachubua macho, ila mwili huzitoa. Zinazoleta shida ya kudumu ni zile ndogo zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, yaani kama sehemu ya 30 ya unene wa unywele, kwa maana hufika mwisho kabisa wa mapafu na nyingine kuingia kwenye damu. Hizo hutoka zaidi kwenye moto kuliko kwenye barabara: makala, kuni, takataka zinazochomwa, injini kuukuu na jenereta. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza kwa chembe hizi hadi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa wastani wa siku moja. Kwa hiyo mtu anayemwagia barabara maji mbele ya duka lake anafanya jambo jema, ila asidhani amemaliza kazi ikiwa nyuma ya duka hilohilo anachoma mifuko ya plastiki.

Katika Julai na Agosti kuna utusitusi unaoficha kisiwa cha Idjwi na volkano. Je, ni ukungu?

Kwa sehemu kubwa si ukungu. Ukungu ni matone ya maji na huondoka jua likichomoza vizuri, lakini utusitusi huu ni mkavu, una rangi ya kijivu inayoelekea kahawia, na unaweza kudumu siku nyingi mfululizo. Kuanzia Juni hadi Septemba nyasi na misitu ya miombo huungua katika eneo kubwa sana la Katanga, Zambia na Angola, na pepo za msimu hubeba sehemu ya moshi huo hadi kwetu Kivu, mamia ya kilomita kutoka ulikoanzia. Katika kiangazi kifupi moto huwa upande wa pili wa ikweta, kule Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini, na pepo za kaskazini nazo huleta sehemu yake. Vipimo vilivyofanywa kwenye mlima Mugogo nchini Rwanda, kwenye urefu wa zaidi ya mita 2,500, mbali na moshi wa miji, vimeonyesha masizi yakiongezeka katika viangazi vyote viwili.

Maana yake ni kwamba hata kama Goma yote ingeacha kupika kwa makala leo, mwezi wa saba usingekuwa mweupe kabisa. Tunapokea moshi wa wengine, na wetu tunauongeza juu yake.

Mvua husafisha hewa kweli?

Ndiyo, lakini si kwa dakika 5 za kwanza. Wingu la radi linapokaribia, upepo baridi hutangulia mbele yake na kuinua vumbi lote lililolala, na ndiyo maana watu hukimbia kuanua nguo na kufunga milango kabla hata tone moja halijaanguka. Baada ya hapo matone hukamata chembe na kuzishusha. Chembe kubwa hukamatwa kwa urahisi, zile ndogo sana huponyoka kwa wingi zaidi, ila mvua ndefu ya saa 2 au 3 huzipunguza nazo. Asubuhi inayofuata mvua ya usiku ndiyo asubuhi bora ya Goma: Nyiragongo inaonekana hadi mdomo wa kreta, na Mikeno na Karisimbi zinasimama wazi upande wa kaskazini-mashariki.

Basi majira ya mvua ni salama kwa mapafu?

Nje, kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Ndani ya nyumba, hapana, na hapa ndipo wengi hukosea.

Mvua ikianza kupiga mabati saa kumi na moja jioni, mama aliyekuwa akipikia uani hana la kufanya ila kuinua mbabula na kuingia nayo ndani. Mlango unafungwa kwa sababu ya baridi na matone. Makala yenyewe yamekaa nje ya duka chini ya hema lililotoboka, yamenyonya maji, na yanawaka kwa shida huku yakitoa moshi mwingi. Maharagwe yanahitaji saa 3. Watoto wamekaa karibu na moto wakifanya kazi za shule. Kwa saa hizo 3, hewa ya chumba hicho inaweza kuwa chafu mara nyingi kuliko hewa ya barabara yenye vumbi ya mwezi wa nane, na wanaoivuta zaidi ni mama na watoto wadogo.

Kisha kuna hatari isiyoonekana. Watu wengi huamini kwamba makala yakishakuwa mekundu na kuacha kutoa moshi, basi yamekuwa salama kuingizwa chumbani ili kupasha joto. Ni imani inayoua. Makala mekundu yasiyo na moshi hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, hupata usingizi, na akilala haamki. Moshi angalau huwasha macho na kumtoa mtu nje. Gesi hii haimwonyi mtu kwa lolote. Mbabula haipaswi kulala kwenye chumba ambamo watu wanalala, hata ikiwa na makaa matatu tu, hata usiku wa baridi namna gani.

Asiye na jiko la umeme au la gesi apikie kwenye kibaraza chenye paa na ukuta upande mmoja tu, aweke makala chini ya paa tangu mwezi wa nane kabla mvua hazijarudi, aloweke maharagwe tangu usiku ili yaive upesi, na akilazimika kupikia ndani afungue mlango pamoja na dirisha la upande wa pili ili hewa ipite. Umeme wa maporomoko ya maji, kama ule wa kituo cha Matebe huko Rutshuru kilichozinduliwa mwaka 2015, umefika kwenye baadhi ya mitaa ya mji, na panapopatikana kwa bei ambayo familia inaimudu, hata kupika chai peke yake kwa umeme kunaondoa ule moto wa alfajiri, ambao ndio unaowashwa saa mbaya kuliko zote.

Gesi ya volkano hufika mjini wakati gani?

Nyiragongo, yenye mita 3,470, iko chini ya kilomita 20 kaskazini mwa mji, na jirani yake Nyamulagira imehesabiwa kwa miaka mingi kati ya volkano zinazotoa dioksidi ya salfa kwa wingi zaidi duniani. Hiyo ndiyo gesi tunayoitambua kwa harufu ya kiberiti kilichowashwa. Kwa kuwa hutolewa juu sana, na kwa kuwa pepo za juu kwa kawaida huvuma kutoka mashariki, wingu lake huelekea zaidi magharibi, upande wa Rusayo, Sake na milima ya Masisi, na Goma hupona. Pepo zikigeuka, au hewa ya juu ikisukumwa chini, mji nao hupata sehemu yake: koo linawasha, kifua kinabana, na mwenye pumu ndiye anayetangulia kujua.

Milipuko huvunja utaratibu huo wote. Baada ya ule wa Nyiragongo wa Mei 22, 2021, kuta za kreta zilibomoka na majivu yakaanguka mjini siku zilizofuata, na hayo yalikuwa majira ambayo mvua zilikuwa bado hazijaisha. Volkano haina kalenda. Taarifa zake hutolewa na Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, kinachojulikana kwa kifupisho cha OVG, na ni afadhali kusubiri neno lao kuliko kusambaza sauti za kwenye simu.

Je, maji ya mvua tunayokinga yanaathirika?

Yanaathirika. Gesi ya volkano ikikutana na mawingu hufanya mvua kuwa na asidi, na ndiyo maana mabati ya vijiji vilivyo chini ya wingu hilo huoza mapema na majani ya maharagwe hutokea madoadoa kama yaliyoungua. Mvua hiyo hubeba pia floridi, ambayo ikizidi miligramu 1.5 kwa lita kwa muda mrefu huharibu meno ya watoto yakiwa bado yanaota.

Zaidi ya hayo kuna uchafu wa paa. Mvua ya kwanza ya Septemba, baada ya miezi 3 ya ukavu, huteremka kwenye mfereji ikiwa na rangi ya chai ya rangi: ni masizi, vumbi la lava na vinyesi vya ndege. Yaache maji hayo yamwagike. Usiweke bidoni wala kuelekeza mfereji kwenye tangi mpaka mvua iwe imepiga bati kwa angalau robo saa. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi.

Mazuku ni nini, na je, hutegemea majira?

Mazuku ni mabonde madogo na mashimo ambamo dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini hujikusanya. Yanapatikana hasa magharibi mwa mji, kuelekea Lac Vert, Mugunga na Bulengo, na kando ya ziwa hadi Sake. Gesi hii ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo hulala chini kama maji kwenye beseni. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua vizuri mahali ambapo kuku, mbuzi au mtoto anayetambaa anakufa. Hapa tena saa ndiyo inayotawala: usiku na alfajiri hakuna upepo wala jua la kuitawanya, kwa hiyo kiwango hupanda, na mchana hushuka. Mahali palipokuwa salama saa nane mchana panaweza kuwa kaburi saa kumi na moja alfajiri.

Anayenunua kiwanja upande huo awaulize majirani waliokaa muda mrefu wapi wanyama wameokotwa wamekufa, wala asitosheke na maneno ya muuzaji. Asichimbe chumba cha chini ya ardhi, na asiruhusu mtu kushuka kwenye shimo la choo asubuhi. Mtu akianguka ndani ya shimo, usishuke kumfuata. Wengi wamekufa wawili na watatu kwa namna hiyo.

Upepo wa kiangazi unaweza kuitikisa gesi iliyomo ndani ya Ziwa Kivu?

Pepo za Juni hadi Agosti huchanganya maji ya tabaka la juu tu. Takribani kilomita 300 za ujazo za dioksidi ya kaboni na 60 za methani zimeyeyuka kwa sehemu kubwa kwenye maji ya kina kirefu, chini ya matabaka ambayo upepo wa msimu hauyafikii. Hofu ya ziwa kutoa gesi hiyo kwa ghafla ina msingi wake kwenye mambo makubwa zaidi, kama lava kuingia ndani kabisa ya ziwa. Dhoruba ya mwezi wa nane haimo kati ya hayo.

Kuishi kwenye urefu wa mita 1,500 kunaongeza madhara?

Kidogo. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, injini huchoma mafuta vibaya zaidi, na mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu ana akiba ndogo ya oksijeni. Kwa mtu mwenye afya aliyezaliwa hapa, moshi una uzito kuliko urefu.

Nifungue madirisha saa ngapi, na mazoezi nifanye lini?

Katika kiangazi, fungua kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, wakati upepo wa ziwa unavuma, isipokuwa nyumba iko kando ya barabara ya vumbi, ambapo ni afadhali kufungua upande wa nyuma. Funga kabla ya moto wa jioni kuwashwa. Wanaokimbia saa kumi na mbili asubuhi kando ya barabara kuu wakati wa Julai wanastahili pongezi kwa bidii yao, lakini alasiri ingewafaa zaidi. Katika majira ya mvua saa hizi hazina ukali huo, na asubuhi baada ya mvua ni ya kila mtu.

Barakoa inasaidia?

Ile ya kitambaa huzuia vumbi kubwa la barabarani, na kwa dereva wa pikipiki hilo si jambo dogo. Zile ngumu zinazobana uso vizuri huzuia pia chembe ndogo. Hakuna kati ya hizo inayozuia gesi ya volkano, monoksidi ya kaboni wala mazuku.

Sina mashine ya kupima. Nitajuaje hali ya hewa ya leo?

Simama mahali pa juu kidogo saa moja asubuhi na utazame kaskazini. Kama miteremko ya Nyiragongo inaonekana na mistari yake, hewa ni nzuri. Kama unaona umbo lake tu, kama kivuli, mwenye pumu abebe dawa yake. Kama huoni mlima na hakuna mawingu wala ukungu wa maji, watoto wasicheze nje mpaka upepo wa ziwa uanze. Tazama pia moshi wa jikoni kwa jirani: ukipanda wima na kupotea, hewa inazunguka, ukipanda hadi urefu wa paa, ukasimama hapo na kuanza kutandaa kama shuka juu ya mabati, kile kifuniko bado hakijafunguka.